Majibu Kutoka Karakana

3 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi na Mama tu wazima. Juzi nilimbadilishia mkanda wa mguu wake wa bandia, ule wa zamani ulishalegea, na sasa anatembea kwa mbwembwe hadi mwenyewe anajicheka. Nilimwambia nimtengenezee mguu mpya, mwepesi zaidi. Akaniuliza kama nimechoka kuishi naye. Unajua alivyo. Kaka yako alipomtengenezea ule alikuwa hata plasta hajui kuikoroga vizuri, lakini kwa Mama hakuna mwingine.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hii unazijua, na lipo jambo ambalo sitaki Mama alisikie kabla sijalielewa.

Kwanza hili la kawaida. Kampuni inayohifadhi tovuti ya karakana imeniandikia kwamba mwaka mpya wa malipo unaanza mwezi ujao na bei imepanda karibu maradufu. Nisipolipa wanaizima. Mimi miguu naweza kuitengeneza, na wateja wa kaka yako hawajanikimbia, lakini bei hiyo ni ya watu wenye maduka makubwa. Wewe ndiye uliyemfungulia tovuti hiyo, na ndiye unayeyajua mambo haya. Nitafutie kampuni ya bei nafuu, isiyo ya kitapeli.

Sasa la pili. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na binti yake wa darasa la tatu, aliyekatwa chini ya goti. Kabla sijasema neno alitoa kiatu cha zamani cha mguu mzima akakiweka mezani. Nikamuuliza amejuaje, maana huwa nakiomba hicho baada ya vipimo, ili nione mtoto anakanyagaje. Akasema Fundi ndiye aliyemwambia alete.

Nikamuuliza fundi yupi. Akasema, "Fundi mwenyewe, kwenye tovuti. Alinijibu Jumanne."

Shemeji, tumemzika kaka yako kabla ya mvua zilizopita. Sikumwambia yule mama kitu. Nilimpima mtoto, ikabidi nirudie vipimo.

Nijibu upesi.

Mke wa kaka yako


5 Machi

Shemeji yangu,

Pole. Kwanza vuta pumzi. Hilo la pili lina maelezo mepesi. Tovuti huwa na majibu yanayojituma yenyewe. Mtu akiandika, anarudishiwa maneno yaliyowekwa humo zamani. Nina hakika Kaka aliandika sehemu fulani kwamba mteja aje na kiatu, na tovuti inaendelea kutuma kama kasuku. Sijui kama ni yeye aliyeyaweka au ni mimi, siku nyingi zimepita.

Tuje kwenye bei. Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba jina la tovuti na mahali inapohifadhiwa ni vitu viwili. Jina ni lenu, mtahama nalo popote. Mnachokodi ni chumba tu kwenye kompyuta za watu, kama unavyokodi fremu ya duka. Ukihama fremu, bango unalibeba.

Kwa hiyo usitishike. Ila fremu za bei rahisi zina ujanja wake. Kuna zile za bure kabisa, watakubandikia matangazo ya vipodozi juu ya picha za miguu, na jina lenu litarefushwa mpaka mteja achoke kuliandika. Hizo hapana. Kuna zinazokupa mwaka wa kwanza kwa bei ya karanga, halafu mwaka wa pili wanakukaba. Naona hao mlio nao ndivyo walivyofanya. Siku zote uliza bei ya kuendelea, sio ya kuanza. Uliza pia kama wanaweka nakala ya akiba kila wiki, na kama ile kufuli ndogo inayoonyesha tovuti ni salama imo kwenye bei au wanaiuza pembeni. Na uliza nani anapokea simu tovuti ikilala. Tovuti yenu ni ndogo, kurasa chache na picha, chumba kidogo kinatosha. Msinunue ghala la kuwekea kabati moja.

Nitatafuta. Lakini nakuomba, kampuni ya zamani usiwajibu kwanza. Usifute chochote, usizime chochote. Muda upo.

Msalimie Mama. Mwambie baridi huku imepungua na ninakula.

Shemeji yako


11 Machi

Shemeji,

Kasuku hawezi kuandika haya.

Jana alikuja mwalimu mmoja aliyepoteza mguu kwenye ajali ya barabarani. Alinionyesha simu yake. Alikuwa ameandika kwenye tovuti kwamba kidole gumba cha mguu ambao haupo kinamwasha hadi analia, na mke wake anadhani amerukwa na akili. Jibu nililinakili neno kwa neno, hili hapa:

"Mwalimu, huna wazimu. Mguu unajua ulikuwa na mwenyewe. Jipake mafuta pale kwenye kigutu, taratibu, kisha ukune kile kidole cha mguu mzima, huku unatazama. Utapoa. Mke wako mwambie akae nawe wakati unakuna, asikuache peke yako. Ni mimi, Fundi."

Umeona hiyo "ni mimi, Fundi"? Ndivyo alivyomaliza kila kitu alichoandika, hata karatasi ya kunituma sokoni. Mwalimu alisema amekuja kumshukuru. Nikamwambia Fundi katoka. Kutoka, shemeji. Sikupata neno jingine.

Baada ya hapo niliingia karakana. Unajua kile chumba kidogo cha nyuma, chenye meza yake na kompyuta? Tangu msiba sijakaa humo. Nachukua tupa na sponji na kutoka. Siku hiyo nilikuwa nimetoka hospitali kuchukua vipimo vya wagonjwa, kama kila alasiri. Nikagusa kiti chake. Kilikuwa vuguvugu. Kompyuta ilikuwa imezimwa lakini nayo ina joto. Na miguu yote ya bandia iliyoegemea ukutani, ile inayosubiri wenyewe, niliona kama imeelekezwa mlangoni. Labda niliiweka hivyo mimi. Sijui tena ninachoweka na nisichoweka.

Nilimuuliza Mama kama kuna mtu ameingia. Alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Karakana ni yake. Ulitaka asiingie?" Akaendelea na mboga zake.

Sasa nakuuliza kitu na usinikasirikie. Ni wewe? Nywila unazo, maneno yake unayajua, mmekua pamoja. Kama ni wewe unafanya kwa uchungu, niambie tu, nitaelewa. Nikishajua ni wewe nitalala.

Mke wa kaka yako


14 Machi

Shemeji,

Si mimi. Nakuapia kwa kaburi ambalo sijaliona.

Nywila Kaka aliibadilisha siku nyingi zilizopita na hakunipa. Niliwaandikia kampuni, nikawatumia nakala ya cheti cha kifo ulichonitumia, jana wakanifungulia. Nimeona. Majibu ni mengi na hakuna hata moja la kujituma. Yameandikwa na mtu, herufi kwa herufi, mengine yana makosa ya kuandika. Yote ya baada ya msiba yametumwa kutoka kompyuta ya karakana. Karibu yote ni ya alasiri.

Nimekaa na barua hii siku nzima kabla ya kuendelea.

Nakuuliza kama mtu wa nyumbani: unalala kweli? Unakula? Hii hospitali ninayotunzia kompyuta, nimeona waliofiwa wakifanya jambo kisha wasilikumbuke. Kuna mzee alikuwa anamwandalia marehemu mkewe chai kila siku, halafu anauliza wauguzi ni nani ameiandaa. Hakuwa kichaa. Alikuwa amechoka tu. Mikono inaweza kuendelea na kazi wakati mwenyewe hayupo. Umebeba karakana, umembeba Mama, umetubeba sisi sote, na mimi niko huku nakutumia mawaidha ya bei.

Kama ni wewe, hakuna atakayekulaumu. Na yale uliyoyasoma humo, na watu uliowajibu, wote, naomba yabaki humo humo. Hatuna haja ya kuyazungumza.

Shemeji yako


15 Machi

Shemeji,

Kaka yako nilimfumba macho kwa mkono huu wa kulia. Mimi sisahau mikono yangu imefanya nini.

Umenikosea. Alasiri mimi niko hospitali napima vigutu vya watu, daktari na foleni nzima ni mashahidi. Na hayo unayotaka yabaki humo humo ni yapi? Una siri gani wewe na tovuti ya miguu?

Hiyo kampuni ya bei nafuu kama hujaipata, niambie nitafute mwenyewe.

Mimi


20 Machi

Shemeji,

Sasa nimepata nguvu ya kukueleza.

Jumatano nilifika hospitali nikakuta kliniki imeahirishwa, umeme wa pale umekatika. Nikarudi. Nilipopita dirisha la karakana nikasikia sauti ya kaka yako.

Halikuwa koo lake. Yalikuwa maneno yake, ule mwendo wake wa kusema, anavyovuta neno la mwisho kama mtu anayepima uzi. "Haya, bwana dereva. Usivae mguu siku nzima mara ya kwanza. Uvae mpaka uchoke, uvue, usione aibu mbele ya watoto."

Nikachungulia. Alikuwa Mama. Ameketi kwenye kile kiti, amevua mguu wake ameulaza juu ya meza karibu na kompyuta, na anaandika kwa kidole kimoja. Kabla ya kuandika kila sentensi anaitamka kwanza kwa namna ya kaka yako, anasikiliza kidogo, ndipo anaitafuta herufi. Alipoandika "ni mimi, Fundi" alikaa ameishika meza kwa mikono miwili, kichwa chini.

Sikuingia. Nilikaa kibarazani mpaka aliposikika anafunga mkanda.

Alitoka akanikuta. Akaniambia, "Umeniona, basi umeniona." Akapita kwenda kuinjika chakula, nami nikamfuata jikoni kama mtoto.

Alinieleza huku akinipa mgongo. Kaka yako alipokuwa amelala mgonjwa na vidole vimekataa kazi, mimi nikiwa karakana kumalizia miguu ya watu, Mama ndiye aliyekuwa anamwandikia majibu kwenye simu. Mgonjwa anasema, mama anaandika. Ndivyo alivyojifunza. Mwishoni sauti nayo ikakata. Mtu akiuliza jambo kaka yako anamtazama tu mama yake, na Mama anajibu, kwa sababu mengi aliyokuwa akiwaambia wateja aliyapata kwake. Nani alikuwa na mguu wa bandia nyumba hii? Nani alimwambia kijana wake usiku mguu unawasha? Baada ya mazishi ujumbe uliendelea kuingia, naye akaendelea kujibu.

Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia watu kwamba Fundi hayupo. Ndipo akageuka.

"Ningeandika hivyo kwa kidole kipi?" akasema.

Tulikula. Amejua nimekwambia, na anasema atakuandikia mwenyewe. Hakutaka nione atakachoandika.

Nisamehe kwa barua iliyopita. Wewe pia nimekusamehe, ingawa lile la chai ya marehemu lilinichoma.

Mke wa kaka yako


22 Machi

Mwanangu,

Ni mimi mama yako. Naandika kwenye kompyuta ya kaka yako. Kama kuna makosa vumilia, miwani haitoshi.

Shemeji yako amekwambia. Ni kweli. Sikumdanganya mtu ili nimle kitu. Watu walikuwa wanauliza, nami najua jibu. Kuliacha swali la mtu mwenye maumivu hivi hivi sikuweza. Na kila nikiandika ni mimi Fundi, kwa muda ule mdogo, anakuwepo. Nyuma ya shingo yangu hapa. Nikigeuka hayupo. Kwa hiyo nikajifunza kutogeuka.

Sasa nisikilize. Baada ya msiba kuna mtu aliandika kwenye tovuti. Hakutaja mguu wala vipimo. Jina aliloweka silijui. Aliandika hivi, Kaka najua huwezi kusoma, nilikuwa nimeshika tiketi mkononi nikaogopa, nilitaka nikukumbuke ukiwa mzima, uliniulizia?

Nilikutambua kwenye mstari wa kwanza. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika, bado unaandika kama mtu anayekimbizwa.

Nilikaa na maneno yale siku nyingi. Nilikuwa na hasira nawe. Nilitaka kukuandikia kama mama, nikaona nitakuumiza, na wewe hukumwandikia mama. Ulimwandikia kaka yako. Nikamwachia kaka yako ajibu. Nilikuandikia, Nilikuulizia mara moja, wakaniambia uko kazini, nikafurahi kwamba una kazi. Kula, vaa nguo nzito. Ni mimi, Fundi.

Mwanangu, hayo hakuyasema. Siku za mwisho hakumuulizia mtu yeyote. Aliomba maji. Nimekaa na uongo huo, na nimeona nife nao au nikwambie. Nimechagua kukwambia kwa sababu wewe uko hai, na aliye hai mimi sitaki kumdanganya.

Lakini mimi niliuliza. Kila gari lililosimama nje niliuliza kama ni wewe.

Mama


25 Machi

Mama,

Nilijua hakuwa yeye. Mtu wa kompyuta hawezi kutojua. Lakini lile jibu nililitoa kwenye printa ya kazini nikaliweka ndani ya koti, na majira yote ya baridi nililivaa. Nilidhani ni Shemeji aliyenihurumia. Ndiyo maana nilimwandikia vile, na ndiyo maana nilimwambia asifute kitu. Sikuwa nalinda mali ya karakana. Shemeji, soma nawe hapa, nisamehe tena.

Mama, asante kwa kuniambia. Imeuma, lakini hata ule uongo uliniuma, tofauti ni kwamba ule uliniuma taratibu. Sina la kujitetea. Niliogopa. Nilikuwa na tiketi.

Kuhusu tovuti: nimepata kampuni ndogo. Nilipiga simu tatu kampuni tatu, nikauliza swali la kijinga makusudi, kwamba tovuti ina miguu, je, itatembea? Wa kwanza alinisomea karatasi. Wa pili hakupokea. Wa tatu alicheka, halafu akauliza ni miguu ya aina gani, maana baba yake anatembelea magongo. Bei yake ya mwaka wa pili ni sawa na ya mwaka wa kwanza, ameandika na kutia sahihi. Nakala ya akiba kila wiki, kufuli imo ndani. Nimechukua chumba kidogo kabisa.

Kuhama kutachukua muda. Katikati ya hapo jina halitakuwa limefika nyumba mpya na limeshatoka ya zamani. Ukifungua utaona ukurasa mweupe. Mama, usishtuke, haijafa. Ujumbe wote wa zamani nimeupakua, utakuja nao.

Ila kuna jambo moja siwezi kuwaamulia. Nyumba mpya inataka jina la anayejibu. Nimeliacha wazi.

Nimekata tiketi. Safari hii nimempa rafiki anishikie, na nimemwambia anisindikize hadi mlangoni mwa ndege.

Mwanao


2 Aprili

Shemeji,

Tovuti imehama salama. Nakueleza ilivyokuwa, maana Mama hatakueleza.

Siku ya ukurasa mweupe alikaa mbele yake tangu alipomaliza kifungua kinywa. Nilimwambia ulishatuonya. Akasema anajua, aachwe tu aangalie. Nilienda hospitali na kurudi, nikamkuta pale pale. Hakuwa na ujumbe wa kujibu, hakuwa na mtu wa kumsemea. Nikavuta stuli nikakaa. Baada ya muda akaanza kulia. Msibani alikuwa anagawa vikombe na kuwaambia watu wapishane mlangoni, unakumbuka nilikwambia hakudondosha chozi. Lilitoka siku hiyo, lote, kwa sauti hata majirani wakaja kuuliza. Nilimshika mpaka likaisha, na langu pia likaisha.

Tovuti ilirudi kesho yake. Inafunguka haraka kuliko zamani, hata kwenye simu yangu hii iliyopasuka kioo. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa yule mwalimu. Mkewe sasa anakaa naye wakati wa kukuna. Alitaka kuleta mbuzi, na akauliza siku gani atamkuta Fundi mwenyewe ampe mkono.

Mama aliusoma mara mbili. Akaniita nikae karibu. Safari hii hakutamka kwanza. Aliandika kimya, akitafuta herufi, na mimi nikiona kila moja inavyotokea:

"Mwalimu, Fundi amefariki. Ninayekujibu ni mama yake, nami natumia mguu wa bandia. Anayetengeneza sasa ni mke wake, mkono wake ni mzuri. Mbuzi hapana, hatuna pa kumfunga. Njoo tu."

Akakaa anatazama yale maneno mawili, Fundi amefariki. Shingo yake ilikaza, nikadhani atageuka nyuma. Hakugeuka. Alinisogezea kompyuta.

"Bonyeza wewe," akasema.

Nikabonyeza.

Mke wa kaka yako